Abdulghani Hurudi Saa Kumi na Moja

Jumatatu, kipindi cha pili, Mwalimu Kulthum alifuta ubao kwa kitambaa chenye maji, akachukua kipande cha chaki, akaandika kichwa cha somo la Kiingereza: wakati wa mazoea. Ni ule wakati unaotumika kusema mambo ambayo mtu huyafanya siku zote. Jua huchomoza. Mama huuza ndizi. Mbwa hulala mlangoni. Darasa la tano la shule ile ya Kawempe, mjini Kampala, lilikuwa na watoto wengi kuliko madawati, na kwa kuwa ulikuwa mwaka wa pili tangu Wahindi wafukuzwe nchini, chaki ilikuwa haba kama vitu vingine vyote. Mwalimu aliandika kwa vipande vidogo mpaka kucha zake zikakwaruza ubao.

Alikuwa na mtindo wake wa kufundisha. Kila mtoto alisimama kwa zamu, akatoa sentensi kuhusu mtu wa nyumbani kwao, na darasa zima likairudia mara mbili kwa sauti. Sharti lilikuwa sentensi iwe ya kweli. Mtoto mmoja mchangamfu, Abudu, aliwahi kusema kwamba baba yake hununua nyama kila siku, darasa likaangua kicheko, na Mwalimu akamwacha amesimama mpaka kengele ilipolia.

"Kiingereza chako kizuri," alimwambia, "lakini nyama hiyo hatujaiona."

Siku hiyo zamu ilimfikia Phelister, msichana mrefu mwenye sweta la bluu lililotoboka kiwiko. Baba yake, Ogwal, alikuwa karani wa reli. Wanaume wenye miwani myeusi walimfuata kazini, wakamtia kwenye buti la gari lisilo na namba, na tangu hapo hakuna aliyemtaja. Ilipobidi kumtaja, watu walisema amesafiri. Phelister alisimama, akasema kwa Kiingereza bila kukwama:

"Baba yangu hurudi nyumbani saa kumi na moja. Hunawa mikono. Hunywa chai."

Mwalimu Kulthum aliangalia dirisha, akaangalia mlango, halafu akamwangalia Zubaida. Zubaida aliketi dawati la mbele, na baba yake, Bwana Muhamadi, alikuwa ofisa katika kambi ile ambako magari yasiyo na namba yaliingia. Mwalimu aliogopa. Lakini kumkatiza mtoto kungekuwa kukiri kwamba sentensi ile ina jambo ndani yake.

"Rudieni," akasema.

Wakarudia mara mbili. Zubaida alipaza sauti kuliko wote, kwa kuwa alikuwa na matamshi mazuri na alipenda kusifiwa.

Jioni ya siku hiyo, saa kumi na moja, Ogwal alirudi nyumbani. Alinawa mikono, akanywa chai.

Asubuhi yake mama Phelister alifika shuleni kabla ya gwaride, akamvuta Mwalimu nyuma ya choo cha wasichana, akapiga magoti kumsalimu kama ilivyo desturi.

"Mwalimu, nashukuru sana. Lakini yeye nakunywa chai tu. Chakula iko, yeye naangalia tu. Huwezi ongeza kwamba nakula?"

"Jioni alikuwa anakula nyumbani?"

"Jioni hapana. Alikuwa nakula huko kazini."

"Basi siwezi, mama. Lazima iwe kweli."

Mama Phelister alilikubali hilo. Alieleza kwamba mumewe hasemi neno, kwamba ana kiatu kimoja, na kwamba chai yote anayokunywa hutokea kwenye tundu lililo chini ya mbavu na kulowesha mkeka. Jua likizama, hayupo. Alichotaka kujua ni kama aendelee kumpa chai ya maziwa, maana maziwa yakikaa kwenye mkeka yananuka. Mwalimu alimshauri ampe ya rangi.

Basi somo la Kiingereza likapata wateja. Akina mama waliokuwa hawajali kama mtoto amefanya kazi ya nyumbani sasa walimnyoosha ukosi asubuhi na kumkaririsha sentensi njia nzima. Babu wa mmoja alirudi akawa anakaza kamba za kitanda kila jioni, ingawa vidole vilikuwa vimevunjika. Mjomba wa mwingine alirudi kusikiliza redio, nguo zikimchuruzika maji ya mto. Majirani walipoona mtu wa namna hiyo anapita, walijibanza kwenye ukuta kumpisha, kisha wakaendelea na yao.

Si wote waliorudi. Msichana mmoja, Safinah, alisema kwamba kaka yake hufagia uani kila jioni, darasa likarudia mara mbili, na uani kwao majani yakabaki pale pale. Mama yake alilia usiku kucha. Haukupita muda, dereva wa lori akaleta salamu: yule kijana alikuwa Kisumu, anaziba pancha, na anaulizia koti lake. Toka hapo watu wakaelewa. Anayerudi amekufa. Asiyerudi yu hai. Hakuna aliyelitamka jambo hilo, lakini kila mtu alilijua, na mama mwenye mtu aliyechukuliwa ilipofika saa kumi na moja jioni alisimama mlangoni akiomba mlango usifunguliwe.

Mwalimu Kulthum naye alikuwa na mtu wake.

Mumewe, Abdulghani, alikuwa na duka la jumla Kikuubo, mtaa wa wafanyabiashara katikati ya mji. Babu yake alikuja kutoka pwani na misafara, na ukoo ule ulikuwa umeuza chumvi Kampala tangu zamani. Siku moja waliingia wanaume watatu, wakasema anaficha chumvi huku wananchi wanateseka, wakaondoka naye. Gunia la chumvi lilibaki limefunguliwa pale mlangoni, na hakuna mpita njia aliyethubutu kuchota, jambo ambalo kwa Kikuubo halijapata kutokea.

Abdulghani alikuwa na wake wawili. Kulthum, mke mkubwa, aliishi Kawempe; Rukiah, mke mdogo, aliishi Kabalagala, upande wa pili wa mji. Abdulghani alikuwa mtu wa haki katika zamu. Siku mbili huku, siku mbili kule, na hakuna kilichomkosesha. Mwaka wa mafua makubwa alihamishwa kutoka Kawempe kwenda Kabalagala akiwa amelala kwenye mkokoteni wa chumvi, homa imempanda, kwa sababu zamu ilikuwa imekwisha. Watu wa Kikuubo walimtania kwa hilo. Wake zake walimheshimu kwa hilo hilo.

Rukiah alipopata habari za darasa alikuja Kawempe siku ya mapumziko, akaketi jikoni kwa mwenzake, akafungua ushungi kidogo tu.

"Dada Kulthum, watu wote wanajua habari za watu wao. Sisi je?"

"Sisi tunangoja."

"Tunangoja nini? Sema sentensi. Akija, tutakaa eda, tutamsomea, tutajua tunalia nini. Mimi nalala nimevaa kiatu, dada. Nikisikia gari nainuka nakaa."

"Na asipokuja?"

Walijua wote wawili. Asipokuja maana yake yu hai, na kama yu hai basi yumo kambini, na mke ambaye mumewe yumo kambini lazima aende getini akamwombee. Waliokwenda getini kuuliza walikuwa wengi. Waliotoka walikuwa wachache.

"Asipokuja nitakwenda mimi," Kulthum akasema mwisho. "Mimi ndiye mkubwa. Wewe una mtoto mchanga."

"Basi sema."

"Naogopa, Rukiah."

"Hata mimi naogopa. Lakini mimi sifundishi Kiingereza."

Walicheka kidogo, kisha wakaacha kucheka ghafla kwa sababu gari lilipita nje. Lilipita tu.

Kulthum aliahirisha. Wiki hiyo alifundisha majina ya ndege. Wiki iliyofuata alifundisha herufi kubwa na nukta, mpaka Mwalimu Mkuu akamuuliza kama yuko salama. Jumatatu ya baadaye alirudi kwenye wakati wa mazoea, akasikiliza watoto wote mmoja mmoja, na zamu zilipokwisha aliweka chaki chini, akafuta mikono kwenye gauni lake la maua, akasema mwenyewe:

"Mume wangu hurudi nyumbani saa kumi na moja."

Alikusudia kuongeza mengine. Mume wangu huvua kofia. Mume wangu hukaa kwenye kiti cha dirishani. Mume wangu huuliza, leo watoto wamekusumbua? Hakuthubutu. Watoto walirudia ile moja mara mbili, na Zubaida akapaza sauti.

Jioni ile Kulthum alipika, akafagia, akaoga, akakaa kwenye mkeka uso ukiwa umeelekea mlango. Saa kumi na moja ilifika. Mlango haukufunguliwa. Saa kumi na mbili, kimya. Adhana ya magharibi ilipoita, alisujudu kushukuru, akalia kwa furaha mpaka pua ikaziba. Hata hivyo hakujiamini. Kesho yake alikaa tena uso mlangoni, na tena hakuja mtu. Abdulghani yu hai. Alilirudia neno hilo kimoyomoyo akiosha sufuria, na lilipomwelea vizuri, furaha ikageuka baridi mgongoni. Sasa ilibidi aende getini.

Jumatano asubuhi alimwambia Mwalimu Mkuu kwamba anakwenda kung'oa jino. Alichukua kanzu nyeupe ya mumewe, aliyoifua na kuipiga pasi, ile yenye darizi shingoni ambayo alishona mwenyewe mwaka wa kwanza wa ndoa. Upande wa kushoto tawi moja la darizi lilipinda, kosa la mwanafunzi, na Abdulghani alikataa katakata lifumuliwe. Akaifunga kanzu kwenye gazeti. Njiani alisoma kila dua aliyoijua, na alipofika getini alikuwa amesahau hata jina la mtaa wake.

Askari walimweka juani. Baadaye mlango wa ofisi ulifunguliwa, akatoka Bwana Muhamadi akiwa na miwani yake.

"Aa, mwalimu ya Zubaida! Wewe nafanya nini huku?"

"Nimekuja kwa ajili ya mume wangu, afande. Abdulghani wa Kikuubo. Nimemletea kanzu."

"Nani nasema iko huku?"

Kulthum aliikumbatia kanzu ndani ya gazeti lake.

"Nani nasema iko hai?"

Bwana Muhamadi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Macho yake yalikuwa ya kawaida kabisa, mekundu kidogo kwa kukosa usingizi.

"Zubaida alisoma kwangu nyumbani," akasema. "Bwana ya mwalimu narudi saa kumi na moja. Sasa, alirudi?"

"Hakurudi, afande."

"Jumatatu hakurudi?"

"Hakurudi. Wala jana."

Bwana Muhamadi alikunja uso, kama fundi aliyeambiwa kwamba mlango alioutengeneza haufungi. Alimwita askari mmoja kando. Kulthum alimsikia akiuliza kuhusu ile mtu ya chumvi, nani alishughulika nayo, na kazi ilikwisha ama haikwisha. Askari alimjibu sikioni kwa muda. Bwana Muhamadi alitikisa kichwa kuridhika, akarudi.

"Hawa watu nakuja huko kwenu," akauliza, "nasema kitu?"

"Hapana, afande. Hawasemi. Wanakunywa chai tu."

"Hawataji mtu?"

"Hawataji."

"Basi wacha nakunywa." Akanyoosha mkono. "Leta kanzu. Tutampa. Wewe rudi, fundisha watoto. Zubaida nasema wewe nafundisha vizuri."

Kulthum alitoka getini kwa miguu yake mwenyewe. Hakuamini mpaka alipofika barabarani na mwendesha baiskeli akamtukana kwa kutoangalia. Alikuwa ametoka, na walikuwa wamepokea kanzu. Nani hupokea kanzu ya maiti? Alijishika kwenye hilo njia nzima. Lile swali aliloulizwa askari alilisukuma nyuma ya kichwa, kwa maana mtu aliyeogopa kiasi kile hana nafasi ya kuogopa zaidi.

Saa kumi na moja alikuwa jikoni anamenya matoke, mgongo ukiwa umeelekea mlango, kwa sababu sasa hapakuwa na haja ya kungoja. Mlango ulifunguliwa.

Abdulghani aliingia. Alikuwa na shati lile lile aliloondoka nalo siku ya mwisho, vifungo vyote vimeng'oka. Mdomo wake ulikuwa umejazwa chumvi mpaka mashavu yamevimba, na chembe zilimdondoka kidevuni kila alipopiga hatua. Hakuwa na kanzu. Alifika katikati ya sebule, akasimama. Sentensi ilisema anarudi nyumbani, haikusema kingine, kwa hiyo alisimama pale mikono ikining'inia, akimwangalia mkewe, hajui pa kukaa.

Kulthum aliweka kisu chini. Hapo ndipo hesabu ikamjia. Abdulghani alichukuliwa asubuhi alipotoka hapa Kawempe, siku ya mwisho ya zamu ya Kulthum. Zamu iliyofuata ilikuwa ya Kabalagala, naye akaanzia hapo. Jumatatu na jana alikuwa kwa Rukiah. Mke mkubwa ana ugonjwa wake: akisema nyumbani, huona mlango wake tu. Miaka yote hiyo Kulthum hakuwahi kuikosea zamu hata siku moja, na siku aliyoikosea ndiyo hiyo.

"Karibu, baba," akasema.

Rukiah alijua tangu Jumatatu. Lakini Jumatatu hiyo hiyo alivaa nyeupe na kuingia eda, na mwenye eda hatoki nje kwenda kubisha hodi Kawempe. Alimtuma mchukuzi wa duka, mchukuzi akakuta kizuizi cha askari barabarani, akageuza. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kugeuza. Kulthum hakumlaumu yeyote. Alikaa sakafuni miguuni pa mumewe mpaka jua lilipozama, na mume alipotoweka akafagia chumvi, akaitia kwenye kopo, akafunga kifuniko. Mji mzima ulikuwa ukila chakula bila chumvi, naye alikuwa na kopo asilojua alifanyie nini.

Alimwendea Shehe Habib, aliyewafungisha ndoa. Shehe alifunga dirisha, akasikiliza, akasema mtu wa namna hiyo si mume wa kuishi naye, akae eda.

"Nikikaa eda sitakwenda shule, shehe. Nisipokwenda shule watajua kwamba najua."

Shehe alifikiri sana. Alisema Mungu anaona hali za waja wake, na kwamba akitoka hapo asiseme alikuwa kwake.

Basi Kulthum alikaa eda kwa vipande. Asubuhi alivaa gauni la maua, akafundisha, akacheka panapochekwa. Akifika nyumbani alivaa nyeupe, akafunga mlango, akawa mjane mpaka alfajiri. Kuvaa nyeupe mchana, kusoma hitima, kupokea majirani na rambirambi zao, hayo yote yangekuwa kusema kwamba mtu ameuawa, na serikali ilikwisha kusema kwamba Abdulghani hajulikani alipo. Siku za zamu yake mumewe alirudi. Darasani Kulthum aliongeza sentensi, kwa woga, akiangalia dirisha: mume wangu hukaa kwenye kiti cha dirishani. Toka hapo walau alikaa. Ile ya kuuliza kama watoto wamemsumbua hakuiongeza. Kwa kinywa kile, ingekuwa ni kumtesa.

Ijumaa moja, adhuhuri, Bwana Muhamadi alikuja shuleni kumchukua Zubaida waende msikitini. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe. Ilimkaa vizuri, ingawa ilikuwa fupi kidogo. Mwalimu Kulthum alisimama mlangoni mwa darasa na kuona darizi ya shingoni, na upande wa kushoto tawi lililopinda.

"Asalaam aleikum, mwalimu," akasema Bwana Muhamadi.

"Aleikum salaam, afande."

"Yeye nakuja siku hizi?"

"Anakuja."

"Vizuri," akasema, akamshika mtoto mkono.

Kulthum aliingia darasani, akafunga mlango, akatapika kwenye ndoo ya maji ya kufutia ubao. Phelister aliinuka, akachukua ndoo, akaenda kuimwaga, akaleta maji mengine.

Jumatatu, kipindi cha pili, Mwalimu alifuta ubao kwa kitambaa chenye maji. Zamu zikaanza. Abudu alisema baba yake hununua muhogo, na hakuna aliyecheka, kwa kuwa ilikuwa kweli. Phelister alisema baba yake hunawa mikono. Safinah alisema kaka yake huziba pancha. Ikafika zamu ya Zubaida. Alisimama wima, akaweka mikono nyuma kama walivyofundishwa.

"Baba yangu huenda kazini kila siku," akasema, na matamshi yake yalikuwa mazuri kuliko ya darasa zima.

Watoto waligeuka kumwangalia Mwalimu. Kulthum alishika ukingo wa meza. Kuna maneno mengi aliyotamani kusema, na alijua kila moja lingemfikisha wapi. Na sentensi ilikuwa ya kweli. Haikuwa na kosa lolote.

"Vizuri, Zubaida. Kaa chini," akasema. "Rudieni."

Wakarudia mara mbili, Phelister akiwa miongoni mwao. Kesho yake alfajiri, Bwana Muhamadi alivaa miwani yake, akaenda kazini kama siku zote.